Namba ina mahali pake pa kusimama

Haya niliyaongea siku ya wazazi kwenye shule moja ya sekondari hapa Moshi. Wameniomba niyaweke kwenye maandishi, nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni, mkiona naruka ruka mnisamehe, ndo naongeaga hivyo.

Shikamooni wazee wangu. Walimu poleni na kazi, wazazi wenzangu hamjambo, na nyie vijana mambo vipi? Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa. Haya.

Mwalimu mkuu kanitambulisha vizuri kuliko nilivyo. Kasema mtaalamu wa upimaji, mimi ni mtu wa tepu na bikoni tu, zile alama za mipaka, nimepima viwanja na vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachaga, kuanzia Kibosho huko juu mpaka karibu na mashamba ya miwa ya TPC kule chini, na nilivyoambiwa nije niongee hesabu, kidogo tu nikatae, maana alama yangu ya hesabu fomu wani siwezi kuitaja mbele ya watoto. Alafu nikakumbuka kitu kimoja, kwamba ile mada iliyoniangusha ndo hiyohiyo inayonilipia ada za wanangu leo. Mstari wa namba. Nikasema ngoja niende.

Mnaona hii kamba ya manila hapa uwanjani. Tumeifunga asubuhi na mwalimu wa hesabu, inapita kwenye nguzo ya bendera, mita 10 upande wa mlimani na mita 10 upande wa stendi. Nguzo ni sifuri. Kwenda mlimani tunahesabu chanya, kushuka stendi tunahesabu hasi. Kwenye vitabu wanachora chanya iende kulia, ni mazoea tu, namba haijali upande gani, we chagua upande wako alafu usibadilishe katikati ya safari.

Sasa nataka watu watatu. Wewe binti mwenye sweta ya kijani, kasimame kwenye 4. Wewe mrefu nenda hasi 2. Na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako, ndio wewe, kasimame hasi 5.

Swali langu kwa wazazi, watoto nyamazeni. Kati ya hasi 2 na hasi 5, kubwa ni ipi?

Mmesikia wenyewe, nusu ya uwanja imesema hasi 5. Na mimi ndo nilijibu hivohivo fomu wani, nikachekwa, na hakuna mtu aliyenielezea kwa nini, nikaambiwa tu "ukiona hasi geuza". Geuza nini sasa? Nikageuza kila kitu mpaka nikafeli. Ngoja niwape ya dukani. Mtu mmoja anadaiwa na Mangi mwenye duka shilingi 2,000, mwingine anadaiwa 5,000. Deni kubwa ni la 5,000, hapo hatubishani. Lakini nani ana hali nzuri? Wa 2,000, maana yeye akipata elfu mbili tu keshafika sifuri, anapita mbele ya duka kifua mbele. Kwenye kamba "kubwa" maana yake ni iliyo mbele zaidi kuelekea mlimani, basi, na huyu kijana wa hasi 2 yuko mbele ya mwenzake wa hasi 5 kama mnavyowaona kwa macho. Hamna kugeuza kitu.

Kujumlisha na kutoa nako ni kutembea tu. Kuna Mwingereza anaitwa John Wallis, alitoa kitabu cha aljebra mwaka 1685, enzi hizo wasomi wakubwa kabisa walikuwa bado wanaziona namba hasi kama upuuzi, utakuwaje na kitu pungufu ya kukosa kabisa? Yeye akasema chukua mtu atembee yadi 5 mbele, alafu arudi nyuma yadi 8. Yuko wapi? Yuko yadi 3 nyuma ya alipoanzia. Hasi 3. Anaonekana amesimama pale, sio mzimu. Miaka zaidi ya 300 sasa na mimi bado naona hakuna maelezo yanayoshinda hayo.

Na ile ya "ukitoa hasi inakuwa jumlisha" mnayoikariri kama wimbo. Angalieni. Kilele cha Uhuru kule juu ni mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Upande wa pili wa nchi kuna Ziwa Tanganyika, uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari lakini kina chake kinafika kama mita 1,470, kwahiyo sakafu ya lile ziwa pale penye kina kirefu kabisa iko kama mita 700 CHINI ya bahari. Hasi 700. Kutoka sakafu ile mpaka kilele, mita ngapi? Unasimamisha kamba wima, unapanda 700 kufika sifuri, alafu 5,895 juu yake. 6,595. Kwenye daftari utaandika 5,895 toa hasi 700, na jibu limekuja kwa kujumlisha, kwa sababu sifuri iko katikati yao na lazima uipite. Aliyekariri atasahau siku ya mtihani, aliyepanda hasahau.

Watatu kaeni, asanteni, wapigieni makofi.

Nirudi kwenye sifuri kidogo maana hapa nina kovu. Nikiwa bado msaidizi wa kupima, tepu yetu ilikuwa imechakaa mwanzoni, ile chuma ya kushikia imekatika na sentimita za mwanzo hazisomeki, mafundi mliopo hapa mnajua, unaanzia kwenye 10 alafu mwishoni unatoa 10. Hakuna dhambi, sifuri unaweza kuiweka popote unapotaka. Siku hiyo nikapima upande mmoja wa kiwanja cha 20 kwa 20 nikaanzia kwenye 10, na nikasahau kutoa. Bikoni ikakaa sentimita 10 ndani. Wenyewe wakaja kugundua wakati fundi anajenga uzio, jirani kapanga matofali, huyu kapanga maneno, nikaitwa mimi na tepu yangu. Sentimita 10 jamani! Lakini kwenye mpaka sentimita 10 ni ugomvi wa vizazi viwili, kwa sisi watu wa vihamba mnanielewa.

Haya tuje kwenye utamu wenyewe, maana mpaka saivi tumesimama kwenye namba nzima tu, 4, hasi 2, hasi 5, na kamba imejaa nafasi ambazo hatujazigusa.

Barabara ya Moshi Arusha mnaijua, na mnajua vibao vya 50, na mnajua na tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Kibao kinasema usizidi 50. Ukienda 50 kamili uko salama, kwahiyo ukichora kwenye mstari pale kwenye 50 unaweka kiduara umekijaza wino. Sasa nawauliza madereva, mwendo wa kwanza kabisa wa kukamatwa ni upi? 51? Mwenye 50.5 je? Haya 50.1, na mwenye 50.01? Kila utakaoutaja mimi nagawa katikati yake na 50 napata mwingine mdogo zaidi ambao nao ni kosa. Hakuna wa kwanza! Eneo la makosa lina mwanzo unaoonekana kwa macho lakini halina mtu wa kwanza kwenye foleni, ndo maana upande ule ukiuchora peke yake unaweka kiduara kitupu. Mtoto akiwauliza "baba namba inayofuata baada ya 50 ni ipi" msikimbilie 51, muulizeni kwanza anatembea kwa hatua za ukubwa gani.

Hii ya kugawa katikati tunaijua vizuri tu huku. Kihamba kina mita 80 kando ya barabara, kila kizazi kinagawa nusu kwa nusu. Mara ya kwanza 40, mara ya pili 20, mara ya kumi inabaki kama sentimita 8, hata mgomba hausimami. Ardhi inaishiwa utu mapema lakini mstari hauishiwi, unagawa milele, kila mara unapata nukta mpya ya kupanda sale la mpaka, ule mmea wetu wa kuonyesha mpaka, na kila nukta hiyo inaandikika kama sehemu, nusu, robo, tatu kwa nane, namba nzima juu ya namba nzima.

Kwahiyo mtu mwenye akili timamu atasema basi, sehemu zimejaa kila mahali, kati ya mbili yoyote kuna nyingine, mstari umekamilika, hamna tundu.

Hapo ndo watu wa zamani walipoteleza.

Fundi akitaka kuhakikisha kiwanja cha 20 kwa 20 kimekaa mraba anapima kona kwa kona, zote mbili zilingane. Inatakiwa isome ngapi? Mimi nasoma 28.28 naendelea na kazi. Ukitumia tepu nzuri zaidi utaona 28.284. Nzuri zaidi ya hapo, 28.2843. Na haifiki mwisho, na hairudii mtindo kama 0.333. Kiwanja cha mita 1 kwa 1 ni hivohivo, kona kwa kona ni kipeuo cha pili cha 2, ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe inatoa 2, yaani 1.41421356 na inaendelea. Kuna kibao cha udongo cha Wababeli, kina miaka zaidi ya 3,500, kimehifadhiwa chuo cha Yale Marekani, wamechora mraba na mstari wa kona kwa kona, na namba waliyoiandika ukiibadilisha kwa mtindo wetu inasoma 1.41421 kabla ya kuanza kukosea. Bila kalkuleta. Mimi na tepu yangu nawavulia kofia.

Sasa je, kuna sehemu yoyote, juu kwa chini, ambayo ukiizidisha yenyewe inatoa 2 kamili? Tujaribu kubishana. Tuseme ipo, na tumeshairahisisha mpaka mwisho, hakuna kitu cha kukata tena juu na chini. Ukizidisha, ya juu mara yenyewe inakuwa sawa na mbili mara ya chini mara yenyewe. Kwahiyo ya juu ni shufwa, maana witiri mara witiri haitoi shufwa. Kama ya juu ni shufwa basi ni mbili mara kitu, ukirudisha kitu hicho kwenye hesabu unakuta na ya chini nayo lazima iwe shufwa. Zote mbili shufwa! Si tulisema hakuna cha kukata tena? Zinakatwa kwa 2. Tumejipiga chenga wenyewe. Kwahiyo haipo. Wazazi mkilala leo irudieni taratibu hiyo, iko sawa, haina ujanja.

Lakini urefu upo! Twendeni kwenye kamba tuone. Mwalimu ameshachora mraba wa mita 1 hapa chini kwa chokaa, kona moja iko kwenye nguzo ya bendera, na upande mmoja unalala juu ya kamba. Naomba kijana mmoja mwenye subira. Njoo. Shika huu uzi, mwanzo wake uko kwenye nguzo, uvute mpaka kona ya mbali, ukaze. Sasa usiulegeze, uzungushe kama bikari mpaka ulale juu ya kamba. Shika hapo hapo. Usiachie.

Mmeona amesimama wapi? Kati ya 1 na 2, mbele kidogo ya 1.4. Pale alipo hakuna sehemu yoyote. Sehemu zote za dunia, zilizojazana kila kona, na bado pale alipokanyaga hakuna hata moja. Ni tundu lenye upana wa sifuri, na mtoto wa watu amesimama juu yake.

Mwaka 1858 kuna Mjerumani anaitwa Richard Dedekind alikuwa anafundisha Zurich huko Uswisi, akawa anakereka kwamba anawaambia wanafunzi mstari umeshikana hauna tundu, lakini akiulizwa kushikana maana yake nini hana jibu la maana zaidi ya kuchora. Alikaa na hilo wazo, akalichapisha 1872 kwenye kijitabu. Alichosema, kwa lugha ya kihamba, ni hivi. Chukua sehemu zote uzigawe familia mbili, za kushoto na za kulia, kila ya kushoto iwe nyuma ya kila ya kulia. Huo ni mpaka. Mara nyingine pale mpakani kuna sehemu imesimama, kama robo tatu, sawa, sale limeota lenyewe. Mara nyingine hamna mtu. Weka kushoto hasi zote na sifuri na zile ambazo ukizidisha zenyewe hazifiki 2, weka kulia chanya ambazo ukizidisha zenyewe zinazidi 2, mpakani hamna sehemu. Dedekind akasema usihangaike kutafuta nani amesimama pale, mpaka wenyewe ndo namba. Ukiweza kusema nani yuko kushoto na nani yuko kulia umeshaitaja.

Mimi niliposoma hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Kwa sababu hiyo ndo kazi ya sale. Sale si la kwangu si la jirani, halina eneo, halilimwi, kazi yake ni kusema huku ni huku na kule ni kule, na mtu akiling'oa mnaitana ukoo mzima. Namba halisi zote ndo hivyo, kila mahali unapoweza kuukata mstari pana namba, ndo maana ya kusema hauna tundu.

Desimali nazo mzione kama anwani. 1 ni kata, 1.4 ni mtaa, 1.41 ni nyumba, 1.414 ni chumba, unakuza kama unavyokuza ramani kwenye simu kwa vidole viwili, kila tarakimu inakusogeza mara kumi. Kijana wetu hapa anwani yake haina mwisho lakini mahali pake ni pamoja tu. Kuna mwanafunzi aliniuliza asubuhi kama 0.999 isiyoisha ni ndogo kuliko 1. Nikamwambia nitajie namba iliyo kati yao, bado anatafuta. Ni nyumba moja ya kona ina mageti mawili.

Na pai jamani, ile namba unayoipata ukigawa mzunguko wa duara kwa upana wake. Pai SIO 22 kwa 7. Kwenye hii kamba pai na 22 kwa 7 wameachana milimita moja na ushee, 22 kwa 7 iko mbele, ukiwa na macho mazuri unapitisha kucha katikati yao. Mwanahisabati Johann Lambert alishathibitisha kwenye miaka ya 1760 kwamba pai haiandikiki kama sehemu kabisa. Kwa kununua bati la tanki tumieni 22 kwa 7, mimi mwenyewe natumia, lakini msiseme ni sawa.

Sasa mtu atasema haya, sehemu ni nyingi mno, hao wengine kina kipeuo cha 2 na pai ni wageni wachache waliojipenyeza. Ni kinyume chake, na hapa naomba mkae vizuri. Sehemu zinaweza kupanga foleni. Anza na 1 kwa 1, alafu 1 kwa 2, 2 kwa 1, alafu 1 kwa 3, 2 kwa 2, 3 kwa 1, unaenda kwa jumla ya juu na chini, kila sehemu chanya itafikiwa siku yake. Wa kwanza kwenye foleni mpe kipande cha utepe cha nusu sentimita ajifunike pale alipo kwenye mstari. Wa pili mpe robo sentimita. Wa tatu nusu ya robo. Endelea hivyo bila kuacha mtu. Utepe wote uliogawa ni nusu na robo na nusu ya robo na kuendelea, hauzidi sentimita moja. Umefunika sehemu zote, kutoka hapa mpaka mlimani mpaka mbinguni, kwa utepe wa sentimita moja! Mstari uliobaki wazi, karibu wote, ni wa wale tuliowaita wageni. Mwanahisabati Georg Cantor naye alionyesha mwaka 1874 kwamba namba halisi zote haziwezi kupangwa foleni hata uwe na muda usioisha, daima kuna aliyeachwa nje.

Kwahiyo mimi kazi yangu yote, miaka yote hii, kila namba niliyoiandika kwenye ramani ni sehemu, maana tepu inasoma sehemu tu, 28.28, 14.6, na karibu hakuna hata moja iliyokuwa mahali pake hasa. Nilikuwa naandika jirani wa karibu. Wateja wamelipa na hawajalalamika, isipokuwa yule wa sentimita 10.

Mwalimu ananionyesha saa, nasikia na harufu ya pilau. Jamani huyu kijana wa kipeuo cha 2 bado ameshika uzi, mkono unatetemeka. Achia baba, asante, nenda kanawe.